Vifaru Kwenye Pindo: Kusoma Mazulia ya Vita ya Afghanistan

Mazulia ya vita yaliyo bora kabisa hayapigi kelele. Ukisimama mbali kidogo unaona zulia la Kibaluchi kama mengine: wekundu ulioiva, buluu iliyokaribia kuwa nyeusi, kahawia ya sufu ya ngamia, na katikati safu za maua zilizonyooka. Ukisogea na kuinama, maua yanabadilika. Kila ua ni helikopta, mapanga yake yametanda pale ulipotarajia petali. Kwenye pindo, mahali ambapo bibi yake mfumaji angeweka nyota au pembe za kondoo dume, vinafuatana vifaru vidogo, mizinga yake yote imeelekea upande mmoja. Ndani ya mji (naazima majina ya kanga, pindo na mji, kwa kuwa zulia nalo limepangwa vivyo hivyo) zimesimama bunduki za Kalashnikov zenye magazini yaliyopinda, ambazo hata asiyewahi kushika silaha anazitambua, maana bunduki hiyo hiyo iko kwenye bendera ya Msumbiji.

Vita vilivyoziingiza silaha hizo kwenye sufu vina tarehe zake. Aprili 1978 wakomunisti walipindua serikali mjini Kabul. Mwishoni mwa Desemba 1979 majeshi ya Muungano wa Kisovieti yakaingia nchini, na tarehe 15 Februari 1989 vikosi vya mwisho vikavuka mto Amu Darya kwa daraja la Hairatan kurudi kwao. Katika miaka hiyo Waafghani zaidi ya milioni 5 walikimbilia Pakistan na Iran. Ufumaji haukusimama. Uliendelea katika vijiji vya magharibi, upande wa Herat na Farah, na ukaendelea kambini karibu na Peshawar na Quetta. Waliofuma ni Wabaluchi, Waturukimeni, Wahazara, Wataimani na wengineo, wengi wao wanawake na wasichana. Wafugaji wa kuhamahama walitumia vitanda vya mfumi vinavyolazwa chini, ambavyo hung'olewa na kukunjwa familia inapohama.

Kwa miaka mingi mazulia ya Ajemi yalishuka Mombasa na Unguja kutoka kwenye majahazi ya Ghuba, na baadhi ya wasomaji wa sura hii wamekulia kwenye nyumba iliyokuwa na moja limetandikwa sebuleni. Aliyezoea zulia la maua na michoro ya kupindapinda anaweza kudhani kwamba picha ni jambo geni kabisa, kwamba vita ndivyo vilivyowafundisha wafumaji kuziweka. Sivyo. Huko Uajemi, mafundi wa Kerman walikuwa wakifuma sura za wafalme na mashujaa tangu enzi za nasaba ya Qajar. Wabaluchi walikuwa na ndege, ngamia na farasi kwenye mazulia yao muda mrefu kabla ya helikopta. Na nchini Afghanistan kwenyewe yapo mazulia yenye sura ya Amanullah, mfalme aliyetawala kuanzia 1919 hadi 1929, aliyeupata uhuru kamili kutoka kwa Waingereza kisha akapoteza kiti chake kwa kuharakisha mageuzi. Sura yake iliendelea kufumwa baada ya yeye kwenda uhamishoni. Kwa hiyo mfumaji wa mwaka 1980 aliyetaka kuweka siasa kwenye zulia alikuwa na pa kuanzia.

Alikuwa pia na mipaka, na mipaka hiyo inaeleza mengi kuhusu sura ya mazulia haya. Picha ya zulia hujengwa kwa mafundo. Nyuzi za mtande zinatandazwa, mfumaji anafunga fundo la sufu kwenye kila jozi ya nyuzi, anakata, anafunga jingine, na safu ikiisha anapitisha mshindio na kuushindilia kwa kitana kizito. Mstari wa mviringo haupatikani. Kinachopatikana ni ngazi ndogondogo. Ndiyo maana silaha fulani ziliingia kwa urahisi na nyingine zikasumbua. Kifaru, chenye kichwa cha pembe nne na minyororo inayogawanyika miraba miraba, kinakaa kwenye mafundo kana kwamba kilibuniwa kwa ajili yake. Helikopta nayo haisumbui, kwa sababu mapanga yake ni nyota, na nyota mfumaji anaijua tangu utotoni. Bomu la kutupa kwa mkono, lenye tumbo la duara lililokatwa miraba, lilichukua nafasi ya komamanga. Lakini ndege ya kivita, iliyochongoka na yenye mabawa yaliyolala nyuma, mara nyingi hutoka ikiwa kitu kati ya mshale na samaki.

Tufanye hesabu. Zulia la sentimita 80 kwa 120 lenye mafundo 10 kwa kila sentimita ya mraba lina mafundo 96,000. Mfumaji hodari akifunga 5,000 kwa siku atakaa zaidi ya siku 19 kitandani pa mfumi, mbali na kusokota nyuzi, kutia rangi na kutandaza mtande, mbali na mkate wa kuoka na mtoto wa kubembeleza. Hesabu hiyo ndiyo inayonifanya nikatae kusikia mazulia haya yakiitwa vituko. Anayefunga mamia ya mafundo ili kutengeneza helikopta moja, akairudia safu baada ya safu, ameikalia karibu kuliko yeyote aliyeipiga picha.

Hata hivyo, aliyeikalia si lazima awe ndiye aliyeichagua, na hapo ndipo ubishi wa wakusanyaji unapoanza. Kundi moja linaamini kwamba mazulia haya ni ushahidi: waliopigwa mabomu waliandika kwa sufu walichokiona. Kundi la pili linasema ni bidhaa: wafanyabiashara wa Peshawar na Kabul waligundua kwamba wageni, yaani waandishi wa habari, watumishi wa mashirika ya misaada, wanadiplomasia na baadaye askari, watalipia zaidi zulia lenye kifaru kuliko lenye ua, wakawapelekea wafumaji michoro. Kila kundi lina mazulia ya kuonyesha. Yapo ya mwanzo ambayo silaha zimefichwa kiasi kwamba mgeni asingezigundua, na mfanyabiashara mwenye haja ya kumvutia mgeni asingezificha. Na yapo ya baadaye, yanayofanana moja na jingine mpaka kwenye kosa la mchoro, ambayo hayawezi kutoka kokote ila kwenye karatasi moja iliyozungushwa karakana kwa karakana.

Naona swali lenyewe limewekwa vibaya. Mazulia ya maua nayo yalikuwa ya kuuzwa. Mwanamke wa Kibaluchi wa mwaka 1930 alijua kwamba moja litabaki hemani na jingine litakwenda sokoni, na hakuna anayeliita lile la sokoni uongo. Haja ya kuuza haiufuti ushahidi. Inatuongezea kitu cha pili cha kusoma. Zulia la vita lina watu wawili ndani yake, aliyefunga mafundo na aliyetarajiwa kununua, na kazi ya mkusanyaji ni kumtafuta kila mmoja mahali pake. Mwenye kuamini ushahidi tu atalipa pesa nyingi kwa ajili ya hadithi tamu ya muuzaji. Mwenye kuamini biashara tu atakosa kumwona mwanamke aliyekaa siku zote hizo mbele ya nyuzi.

Mfano unaonifundisha zaidi ni mazulia ya minara miwili ya New York. Yalianza kuonekana muda mfupi baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 na vita vilivyofuata. Juu pana minara, ndege mbili zikiigonga, moshi na moto kwa rangi ya machungwa. Chini kabisa kuna meli ya kubeba ndege za kivita. Katikati zipo bendera mbili, ya Marekani na ya Afghanistan, na njiwa mweupe kati yake. Baadhi ya Wamarekani walioyaona kwa mara ya kwanza waliumia, wakadhani ni sherehe ya mauaji. Lakini njiwa na bendera zile zilinakiliwa kutoka kwenye vipeperushi vilivyodondoshwa na ndege za Marekani juu ya Afghanistan, vya kuwaambia wananchi kwamba wageni wamekuja kwa urafiki. Kipeperushi kilitua, kikafika kwa mchoraji wa vielelezo, kikageuzwa mafundo na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuuona mji wa New York, kisha kikauzwa kwa askari wa nchi iliyokidondosha. Kila aliyehusika katika safari hiyo ameacha alama juu ya zulia. Siwezi kuliita zulia hilo sherehe, wala siwezi kuliita rambirambi. Ni jibu lililotolewa kwa maneno ya muulizaji mwenyewe, na kwa bei.

Maandishi nayo yanahitaji subira. Mazulia mengi ya vita yana maneno ya Kidari au ya Kiingereza, na herufi nyingine zimegeuka nyuma mbele au neno limekatika katikati kwa sababu pindo limefika. Wapo wanaocheka. Mimi nasoma pale habari muhimu: mfumaji alizichukua herufi kama alivyolichukua ua, kama umbo la kuhesabiwa fundo kwa fundo, na aliyempa mchoro hakurudi kuukagua. Zulia lisilo na kosa hata moja katika maandishi yake huwa limetoka kwenye karakana yenye msimamizi.

Tarehe ndizo zinazowaponza Waislamu wa kwetu zaidi kuliko Wazungu, kwa sababu sisi tunadhani tunazijua. Aliyesoma madrasa akiona ۱۳۵۸ kwenye kona ya zulia anaisoma papo hapo kuwa 1358, ingawa tarakimu za Kiajemi za 4, 5 na 6 zinatofautiana kidogo na za Kiarabu tulizozizoea. Kisha anaihesabu kwa mwaka wa Hijria wa mwezi, anapata 1939, na anaamini ameshika zulia la zaidi ya miaka 80. Afghanistan ilihesabu kwa Hijria ya jua. Kwa kalenda hiyo unajumlisha 621, au 622 kwa miezi mitatu ya mwanzo wa mwaka wa Kizungu: 1357 ni mwaka wa mapinduzi ya kikomunisti, 1358 ni mwaka majeshi ya Kisovieti yalipoingia, 1367 ni mwaka yalipoondoka. Na hata hapo usiharakishe. Mchoro ukishapendwa hunakiliwa pamoja na tarehe yake, kwa hiyo zulia lililofumwa mwaka 1995 linaweza kubeba 1358 bila nia yoyote ya kudanganya. Tarehe inakwambia mchoro ulizaliwa lini. Umri wa zulia utautafuta mahali pengine.

Mahali penyewe ni mgongoni. Ligeuze kabla hujalisifu. Mtande wa sufu, wenye nyuzi nyeupe na kahawia zilizosokotwa pamoja, huelekeza kwa wafugaji na kazi ya nyumbani. Mtande wa pamba nyeupe iliyonyooka mara nyingi huelekeza kwenye karakana za mijini na za kambini. Kingo za Wabaluchi hufungwa kwa manyoya ya mbuzi, magumu na meusi, na miisho yao huwa na kipande kilichofumwa bapa bila mafundo, chenye mistari au nakshi zake. Kipande hicho kikiwa kimekatwa, uliza kwa nini. Tandua nyuzi za mbele kwa vidole uone shina la fundo: rangi ikiwa imefifia juu na kukolea chini kwa ngazi, jua ndilo lililofanya kazi hiyo, ikiwa imefifia ghafla na kwa usawa uso mzima, shuku dawa ya kuzeesha, maana mazulia mapya huoshwa kwa kemikali ili yaonekane yamekaa. Kitambaa cheupe chenye maji, kikisuguliwa kwenye nyekundu, kitakuonyesha kama rangi inatoka. Rangi za kiwandani zenyewe si kosa. Miaka ya 1980 zilikuwa kila mahali, na zulia la vita lenye rangi ya machungwa inayowaka linaweza kuwa halali kabisa.

Yapo mazulia ya vita yenye umbo la msala, yenye upinde wa mihrabu juu, na chini ya upinde huo, mahali pa taa au mti, kumewekwa bunduki na vifaru. Msomaji Mwislamu atashtuka, na mshtuko wake una maana, kwa kuwa anaona kile ambacho mkusanyaji wa Ulaya hupita. Udogo wa msala unalifanya umbo hilo liwe jepesi kubeba na kuuza, na huenda hilo lilitosha. Lakini vita dhidi ya Wasovieti viliitwa jihadi na waliovipigana, na mihrabu yenye silaha iliwezekana kufumwa kwa imani safi. Zulia la namna hii usilifasiri bila kuligeuza na bila kujua lilitoka mkono gani. Vivyo hivyo na sura za watu: Taliban walipotawala kuanzia 1996 walipiga marufuku picha za viumbe hai, na zulia lenye sura ya mtu, kama yale ya kamanda Ahmad Shah Massoud aliyeuawa Septemba 2001, lina uzito tofauti kulingana na upande gani wa mpaka wa Afghanistan lilifumwa.

Mazulia yenye ramani ni aina inayopendwa sana, na inayozungukwa na hadithi moja ya kuvutia. Mwaka 1971 msanii Mwitaliano Alighiero Boetti alianza kuwaagizia wanawake wa Kabul ramani za dunia zilizotariziwa, kila nchi ikijazwa kwa rangi za bendera yake. Kazi hiyo iliendelea, baadaye kwa mikono ya wakimbizi Peshawar, mpaka alipofariki 1994. Ramani moja ilirudi ikiwa na bahari ya waridi, kwa kuwa waliotarizi walitumia uzi uliokuwa mwingi, na tangu hapo Boetti akawaachia wao kuchagua rangi ya bahari. Wakusanyaji hupenda kusema kwamba mazulia yenye ramani, pamoja na yale yanayoonyesha vifaru vya Kisovieti vikitoka kuelekea kaskazini, ni wajukuu wa kazi ya Boetti. Nigel Lendon, msomi wa Australia aliyeyachunguza mazulia haya kwa miaka mingi, aliihoji hadithi hiyo, na nipo upande wake. Ramani ilikuwa ukutani mwa kila shule na kila ofisi. Inasikitisha jinsi tunavyokuwa wepesi kumpa mwanamume mmoja wa Torino sifa ya ubunifu wa wanawake elfu wasiotajwa.

Lendon na mwenzake Tim Bonyhady waliandaa maonyesho ya mazulia ya vita Canberra mwaka 2003. Mwaka 2008 Textile Museum of Canada, mjini Toronto, ikayaonyesha kwa mkusanyiko ulioandaliwa na Max Allen. Maonyesho hayo yalibadilisha hadhi ya mazulia haya, na bei yake. Leo mfanyabiashara wa mazulia wa Dubai au Sharjah, mahali ambapo Waswahili wengi hupita kwa shughuli zao, anajua vizuri ni lipi la kulitoa nyuma ya duka.

Kuna jambo moja la kumwuliza muuzaji huyo, gumu kuliko umri na bei. Watoto wamefuma mazulia nchini Afghanistan na kambini, wa miaka 8, wa miaka 10, vidole vyao vikisifiwa kwa wembamba, mapafu yao yakijaa vumbi la sufu. Zulia la mwaka 1985 limekwisha kufumwa na kulikataa hakumrudishii mtoto utoto wake. Zulia jipya ni jambo jingine. Likiuzwa kwa bei isiyolingana na siku za kazi zilizomo, kuna mtu ambaye hakulipwa, na mara nyingi ni mdogo. Mazulia mapya yanazidi kuja: katika miaka ya 2010 zilianza kuonekana ndege zisizo na rubani, nyembamba, zenye mabawa marefu, zimepangwa safu safu kama zilivyopangwa helikopta miaka ya 1980. Mazulia haya ya droni nayatazama kwa hamu na wasiwasi kwa pamoja. Mengine yanaonyesha kuwa yalichorwa na mtu aliyeijua hamu yangu.

Ukishanunua, andika siku hiyo hiyo. Andika mji na aina ya duka, alichosema muuzaji kwa maneno yake, na pembeni yake kile ulichokiona wewe mwenyewe, bila kuvichanganya. Pima urefu na upana. Hesabu mafundo kwenye sentimita tano za mraba mahali patatu tofauti. Taja mtande ni wa nini na kingo zimefungwa kwa nini. Piga picha mbele na nyuma, na picha ya karibu ya kila silaha, kila herufi na kila tarakimu. Mahali pa jina la mfumaji pasipate mstari wa kukata; paache wazi, kwa sababu familia za Herat na Farah zimetawanyika kuanzia Mashhad hadi Toronto, na baadhi ya wasichana waliokuwa wakifunga mafundo hayo mwaka 1985 bado wapo, wana miaka hamsini na kitu, na wanaweza kuitambua kazi ya nyumbani kwao kwenye picha.